Tunaorudi nyumbani Desemba: wapigeni picha bibi na babu wakiwa na wajukuu, msisubiri kukuza ile ya kitambulisho

Mjukuu wa Kibosho (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe nimekaa nalo moyoni tangu Machi mwaka jana na sijapata pa kulitua.

Machi hiyo tulimzika bibi mzaa baba. Jioni ya siku ya kwanza ya msiba baba mdogo aliniita pembeni akaniambia, "Wewe ndiye una simu nzuri. Tafuta picha ya bibi yako, asubuhi inatakiwa ya kuweka kwenye ratiba na ile kubwa ya kutangulia mbele ya jeneza." Nikaona ni kazi ya dakika tano. Wajukuu tuko 23, na wakubwa wote tuna simu. Tukakusanyika kwenye kibaraza, kila mtu akafungua yake.

Tulipekua mpaka saa sita usiku. Picha za ndafu zipo. Za magari yaliyopangwa uani zipo. Za Kibo, kilele cha Kilimanjaro, siku mawingu yalipofunguka zipo, nyingi ajabu. Bibi yupo, lakini pembezoni: mkono wake ukimpokeza mtu kata ya mbege, mgongo wake akiwa ameinamia chungu, nusu ya uso wake nyuma ya bega la bwana harusi. Ambayo amekaa, ametulia, wajukuu wamemzunguka, hatukuipata hata moja. Miaka yote ya Desemba, ndugu zangu, hata moja.

Ikabidi itumike ile ya kitambulisho. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kikakuzwa mpaka kikawa kama dirisha. Siku aliyopigwa ile picha alikuwa ameshinda kwenye foleni tangu alfajiri, amechoka, ana njaa, macho yamemtoka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Bibi yangu alikuwa mcheshi, mtu wa utani, akicheka unamsikia ukiwa kihamba (shamba la nyumbani) cha jirani. Watu wakapita kuaga wakimtazama mwanamke mwingine kabisa. Mwanangu wa miaka 6 akaniuliza, na kanisa lote lilikuwa kimya, "Baba, kwa nini bibi anaogopa?"

Sikumjibu. Nilimshika tu mkono.

Sasa mwezi ujao mabasi yataanza kujaa pale stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, nusu yetu tutapanda kwenda Moshi, Rombo, Machame, Marangu, wengine Upare, wengine Bukoba. Ninachoomba ni kimoja. Kabla hujachinja mbuzi, kabla hujaanza kuzungukia ndugu, mkalishe mzee wako na wajukuu zake mpige picha. Halafu isafishwe, iwe karatasi, na nyuma yake yaandikwe majina.

Nitaeleza chini jinsi tulivyofanya Desemba iliyopita kwa bibi mzaa mama, ambaye tunaye bado.

Mama Wawili

Pole sana mkuu. Umeniliza nikiwa kwenye daladala. Sisi bibi yetu wa Tukuyu aliondoka bila picha yoyote. Tuna sauti yake tu, sekunde 40, anamwambia mama asisahau kutuma dawa ya mgongo. Kila mwaka siku aliyofariki tunaisikiliza. Watoto wangu wanaijua sauti, uso hawaujui.

Mjukuu wa Kibosho (mleta uzi)

Asante dada. Hizo sekunde 40 zitunze mahali zaidi ya pamoja, simu ikiibiwa zisiende nayo.

Naendelea. Baada ya msiba ule niliapa kwamba kwa bibi wa Marangu halitajirudia. Nikafika nyumbani tarehe 22, na asubuhi ya tarehe 23, hata chai sijamaliza, nikamfuata jikoni na simu mkononi. Akanitazama kwa huzuni. "Unataka nikifa watoto wako wanione na majivu?" Nikaona aibu. Nilikuwa nimekuja kuchukua picha yangu, sikuuliza yake ni ipi.

Kwa hiyo tukaahirisha. Na hapo nikajifunza kwamba kizazi chake kina adabu yake ya picha. Zamani picha ilikuwa safari. Aliniambia mara ya kwanza kupigwa picha alikuwa ndiyo kwanza ameolewa, miaka ya 1950, enzi za Mangi Mkuu (chifu mkuu wa Wachaga) Thomas Marealle. Fedha ya kahawa ilikuwa imelipwa, babu akampeleka Moshi mjini kwa miguu, viatu wamebeba mkononi wasije wakavichafua njiani. Wakavivaa mlangoni kwa mpiga picha. Ndani kulikuwa na pazia lililochorwa maua na kiti kimoja. Babu akakaa, yeye akasimama, mkono juu ya kiti. Wakaambiwa wasipumue. Picha yenyewe ilioza kwa mvua, paa lilipovuja, na alipokuwa akinisimulia alikuwa bado ameweka mkono hewani palepale kiti kilipokuwa.

Mtu aliyelelewa hivyo hapigwi picha ghafla. Anaoga, anavaa, anachagua pa kukaa. Na hacheki ovyo, maana kwao picha ni kitu cha heshima. Wengi wetu tunawasumbua, "bibi cheka, bibi cheka," mpaka anachukia. Mwache akae anavyotaka.

Akavaa kitenge cha wanawake wa kanisani na kilemba chake cheupe. Akasema tusipigie sebuleni, twende pale babu alipozikwa. Kwetu mtu anazikwa kihambani kwake, na pale pameoteshwa masale. Asiyejua, masale ni mmea wetu wa amani. Ukimkosea mtu unampelekea jani lake ukiomba msamaha, na ndiyo unaoonyesha mpaka wa kihamba na mahali walipolala wazee. Kisha akatoka ndani na picha ya babu ya kwenye fremu, ile aliyopigwa kabla hajaenda vita ya Kagera mwaka 1978, akasema ataipakata. Kwa hiyo kwenye picha yetu babu yupo.

Binti Mji Mkongwe

Nimeipenda hii ya kuipakata picha ya marehemu. Na kwetu Unguja wapo wanaofanya hivyo.

Wenye wazee Zanzibar, ulizieni majumbani. Capital Art Studio pale Mji Mkongwe ilifunguliwa mwaka 1930 na marehemu Ranchhod Oza, baadaye akaishika mwanawe Rohit. Koo chungu nzima zimepita pale. Sisi tulipokuwa skuli, sikukuu ya Idi ilikuwa hivi: nguo mpya, mkono wa Idi kwa wakubwa, kisha bibi anatukusanya sote anatupeleka kupigwa picha, na jioni ndiyo viwanja vya sikukuu vya Mnazi Mmoja. Ninayo ya miaka ile, tumesimama wajukuu saba, bibi amekaa na buibui lake, na unaona kila mtu kuanzia kichwani hadi viatuni. Siku hizi mnakata miguu ya watu. Viatu vya Idi ndivyo vilivyokuwa na raha yake, vionekane!

Msafiri wa Likoni

Hilo la viatu kweli kabisa. Nami nyanya yangu alikuwa akitoka Kwale kuja kututembelea Mombasa, na siku ya kurudi tunamsindikiza hadi feri. Pale Likoni kulikuwa na wapiga picha wenye vibanda vilivyopambwa, mapazia, maua ya plastiki, michoro ya meli na ndege. Nyanya hakuwa akivuka bila picha na wajukuu. Alikuwa akisema, "Nikifika nyumbani niwaonyeshe watu niliwakuta wazima." Nazo alizibandika ukutani kwa mpangilio wa miaka, ukiingia chumbani mwake unatuona tunavyorefuka.

Kimya Kingi

Mkuu uzi mzuri ila mimi nina swali gumu. Babu yangu hataki picha kabisa. Ni mtu wa dini, anasema picha za viumbe si sawa, na tangu ujana wake amekataa. Ndugu zangu wanataka tumpige akiwa amelala au kwa kificho. Mimi moyo unasita. Mnashauri nini?

Mjukuu wa Kibosho (mleta uzi)

Ndugu, moyo wako una haki. Msimpige kwa kificho. Mzee amesimamia jambo maisha yake yote, halafu wajukuu wake mwenyewe wamvizie usingizini? Picha hiyo mkiitazama baadaye haitawapa raha, mtakumbuka mlivyoipata.

Muulize kama ataruhusu sauti. Mwambie awahesabie ukoo, baba wa nani alizaa nani, au awasomee dua ya wajukuu mkirekodi. Kama hata hilo hataki, kaa naye uandike kwenye daftari. Mpigie picha mlango wake, fimbo yake, mkeka anaoswalia, mti aliopanda. Akikubali. Na asipokubali, basi.

Yuko Muscat

Assalaam alaykum. Mimi niko Oman mwaka wa tisa, mama yuko Wete, Pemba. Wanangu watatu wamezaliwa huku na mdogo hajawahi kumgusa bibi yake. Wanaonana kwenye simu kila Ijumaa. Ninazo picha za skrini nyingi, bibi kwenye kiboksi kidogo juu na watoto chini. Nikisoma uzi huu najiuliza kama hizo zinahesabika.

Mjukuu wa Kibosho (mleta uzi)

Zinahesabika dada, tena sana. Hayo ndiyo maisha yenu yalivyokuwa miaka hii tisa, na siku moja hao watoto watataka kuona kwamba kila Ijumaa walikuwa na bibi. Ninachokuomba ni kuwa mbili tatu uzitoe kwenye karatasi, moja umpelekee mama kwa mtu anayekwenda. Mzee akishika karatasi mkononi ni tofauti. Bibi yangu ana simu yenye picha zetu zote na haifungui kwa ajili hiyo. Ya karatasi ameichomeka kwenye Biblia.

Na mkijaliwa kwenda, siku ya kwanza ileile, watoto wakiwa bado wana nguo za safari, wapige wanapomkumbatia. Mtapanga nyingine nzuri baadaye.

Fundi wa Studio

Naomba nichangie kama mtu wa kazi hii, niko mjini Dodoma.

Karibu kila wiki naletewa picha ya marehemu nikuze, na nusu ya hizo zimepitia WhatsApp mara tatu nne. WhatsApp inaibana picha ili iwe nyepesi, ikihifadhiwa na kutumwa upya inaweza kupungua tena, ukikuza inakuwa vumbi. Mkitaka kutumiana picha ya maana itumeni kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida. Itafika ilivyo.

Halafu picha za zamani. Ikiwa imegandia kwenye kioo cha fremu USIIBANDUE. Nimeona watu wakibaki na kioo chenye uso wa babu na karatasi nyeupe. Ilete na kioo chake, tunaweza kuipiga upya kupitia hapohapo kwenye kioo. Wala msiziweke laminesheni picha za zamani, ukishaitia kwenye ile plastiki ya moto hairudi tena. Na zile albamu zenye kurasa za gundi na nailoni juu, gundi yake inazila picha taratibu zinageuka njano. Bahasha ya karatasi kavu ndani ya kabati ni bora kuliko hizo. Nyuma andikeni kwa penseli laini, kalamu ya wino hupenya ikatokea mbele usoni.

Mchumba wa Bibi

Mleta uzi, upande wa kupiga sasa. Mimi nina simu ya kawaida tu. Nikimpiga bibi nje anatoka mweusi tii haonekani uso, nikimpiga ndani na tochi anafumba macho. Nakosea wapi?

Mjukuu wa Kibosho (mleta uzi)

Nilipata tabu hiyohiyo. Nje unamweka mgongoni mwake kuna mbingu nyeupe, simu inaona weupe ule inadhani pana mwanga wa kutosha, inamfanya yeye giza. Mgeuze. Nyuma yake kuwe na migomba au ukuta, mwanga umjie usoni. Halafu gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, simu itajirekebisha kwa kumfuata yeye. Saa sita mchana achana nayo kabisa, kilemba kinatupa kivuli machoni. Sisi tulipiga saa kumi na moja jioni. Ndani mweke karibu na dirisha au mlango uliofunguliwa, tochi zima.

Na wewe upige magoti. Mzee amekaa, ukimpiga umesimama unamtazama kutokea juu kama mtoto.

Sasa watoto. Siku ile walikuwa wajukuu 14 na vitukuu 5, na mimi nilitaka kuwapanga kwa urefu. Bibi akakataa. Akawapanga mwenyewe, na mpangilio wake ulikuwa na maana ambayo nisingeijua. Kwanza akaita, "Wajina wangu wako wapi?" Desturi yetu majina ya mababu na mabibi yanarudi kwa wajukuu, kwa hiyo wasichana watatu wanaitwa jina lake. Hao akawaweka miguuni pake. Kulia akaweka watoto wa mtoto wake wa kwanza, kushoto wa kitinda mimba. Kitukuu mdogo kuliko wote, wa miezi minne, akapakatwa mkono mmoja, fremu ya babu mkono mwingine.

Nikapiga nyingi. Mmoja analia, mwingine kageuka kumtazama mbwa, mwingine anaonyesha vidole viwili. Nikaanza kukasirika, nikawafokea. Bibi akaniambia kwa upole, "Waache. Hawa ndio wenyewe."

Ile tuliyoichagua haikuwa hata moja kati ya hizo. Mnajua utani wa bibi na mjukuu. Wavulana wote ni waume zake na wasichana wake wenza. Tulipokuwa tunakaribia kuachana, mmoja wa "waume" zake, wa miaka 9, akamsogelea akamshika bega akasema, "Mke wangu, umependeza leo, nani amekununulia kitenge?" Bibi akacheka. Akacheka kile kicheko ambacho upande wa baba tulikikosa kwenye jeneza. Nilikuwa bado nimepiga magoti, kidole kiko palepale.

Kwa hiyo baada ya ile picha rasmi msiweke simu mfukoni haraka.

Mama Wawili

Mungu akubariki. Na yale majina nyuma aliyaandika nani?

Mjukuu wa Kibosho (mleta uzi)

Nilikuwa nakuja huko dada. Nilisafisha nakala 11, moja kwa kila nyumba, saizi ya 5 kwa 7. Tarehe 30 jioni nikakaa na bibi na penseli. Nilidhani ni kazi ya majina 19 tu. Tukamaliza saa nne usiku.

Kila mtoto aliyemgusa kwa kidole alikuwa na habari. Huyu alizaliwa mwaka kahawa ilipoharibika. Huyu paji lake la uso ni la mama yake bibi, ambaye hatukuwahi kumwona na ambaye hakupigwa picha maisha yake yote. Hapo nilishtuka. Nikamwangalia yule mtoto kwenye picha, nikajua kwamba paji lile la uso ndilo picha pekee iliyobaki ya yule mama, na mwenye kuijua ni bibi peke yake. Nikaandika yote. Nyuma ya picha hapakutosha, nikaongeza karatasi.

Msimbazi Wa Zamani

Mkuu, bibi yangu sasa hivi anasahau. Ananiita jina la marehemu mjomba. Bado kuna faida ya kumpiga picha na watoto wakati hata hawajui?

Mjukuu wa Kibosho (mleta uzi)

Ipo ndugu yangu. Mara nyingi wazee wanaosahau ya jana bado wanayo ya zamani. Mpelekee picha za kale kama zipo, mtoto mmoja akae kila upande, mwache azishike. Akimwita mtoto wako jina la mjomba usimsahihishe kwa ukali, muulize mjomba alikuwaje. Na mpigeni akiwa ameshika hizo picha. Asubuhi ni bora kuliko jioni kama jioni huwa anahangaika, wewe ndiye unajua saa zake. Mikono yake ikiwa imemshika mtoto inatosha, uso ukigeukia pengine si neno.

Fundi wa Studio

Mleta uzi umetaja watu wote, bibi, wajukuu 14, vitukuu 5, na babu kwenye fremu. Wewe uko wapi?

Mjukuu wa Kibosho (mleta uzi)

Simo, mkuu. Niliyepiga ni mimi.

Ila jua la saa kumi na moja lilikuwa mgongoni kwangu, kidogo upande, na chini kwenye nyasi mbele ya wale wajina watatu kuna kivuli changu, kichwa na bega. Nilitaka nikikate nilipopeleka kusafisha, niliona kimeharibu picha. Bibi aliposikia akakataa. Nimechukua nakala yake hapa, nanakili alivyonisemea niandike nyuma, maneno yake mwenyewe:

"Marangu, siku mbili kabla ya Krismasi. Mimi ndiye wa katikati. Anayenishika bega ni mume wangu. Walioketi chini ni wajina wangu watatu. Ninayempakata ni kitukuu, bado hana meno. Kwenye fremu ni babu yenu, nimemleta. Mtoto anayelia alikuwa anataka ndizi, akapewa. Kile kivuli kwenye nyasi ni mtoto wa binti yangu wa tatu, ndiye aliyetupiga. Msikikate."